Habari Zilizoletwa na Glavu

Jumatatu aliyorudi kazini, mshonaji wa vidole gumba hakuwa na kiti chenye mgongo, hakuwa na dirisha upande wake wa kiwanda, hakuwa na mama mzazi wala mama mkwe wala dada wa kumwachia mtoto. Hakuwa na saa ya mkononi. Hakuwa na usingizi wa siku sitini na tatu zilizopita, na blauzi yake haikuwa na kifungo cha pili kutoka juu, kwa kuwa kiling'olewa na mtu asiye na meno. Mengine alikuwa nayo. Alikuwa na mume, mtoto wa kiume wa wiki tisa, cherehani namba kumi na nne, na saa moja ya kunyonyesha, kuanzia saa saba hadi saa nane mchana, ambayo kiwanda kilimpa kila mama mpaka mtoto wake atimize mwaka na nusu.

Kiwanda kilishona glavu za ngozi za watu wa kazi nzito: wajenzi, wachomeleaji, wapakuaji wa makontena. Kila glavu ilipita kwa wanawake watano, na kila mmoja alishona kidole kimoja. Kelele za mashine hazikuacha nafasi ya majina marefu, kwa hiyo kila mmoja aliitwa kwa kidole chake. Kulikuwa na Shahada, Kati, Pete na Kidogo. Yeye aliitwa Gumba, na alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Kidole gumba ni kigumu kuliko vyote, kwa sababu hakikai safu moja na wenzake. Huingia kwa ubavu, na mshonaji asiyejua hukiacha kikitazama kusiko.

Nyumbani palikuwa umbali wa dakika kumi na mbili kwa miguu. Mumewe alikuwa fundi viatu, na alifanyia kazi sebuleni, mlango wazi, ili wateja wavione viatu vyao na yeye amwone mtoto. Mtoto alikuwa amezaliwa na kipara na uso wa kukunja, kama mtu aliyeletewa chai baridi, wakamwita Mzee. Kila asubuhi Fundi alimwamkia shikamoo, akangoja kidogo kwa adabu, kisha akajiitikia mwenyewe marahaba.

Jumatatu ile, glavu zote zilizotoka mikononi mwa Gumba zilijikunja ngumi, kidole gumba kikiwa ndani. Alizinyoosha juu ya meza, zikajikunja tena. Mnyapara, mwanamume mrefu aliyechomeka penseli sikioni hata siku za mapumziko, alichukua moja akaigeuza.

"Ngozi ya mwezi huu mbaya," alisema, kisha akaandika kwenye daftari lake kwamba ngozi ya mwezi huu mbaya.

Gumba alimjua mtu mwingine aliyelala hivyo, ngumi zimefungwa na gumba ndani, kama abiria aliyeshika nauli yake na hataki kuibiwa. Glavu zikafungwa makashani hivyohivyo. Wajenzi waliozinunua walizifungua kwa kutumia nguvu kidogo, wasiulize.

Jumatano ya wiki ya nne, saa tatu na nusu asubuhi, glavu ishirini na sita zilizokuwa kwenye kikapu chake zilifunguka. Hazikufanya papara. Zilifungua kidole kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu polepole, zikabaki zimelala chali, viganja juu. Shahada, aliyekaa cherehani namba kumi na tano, alizitazama, akakata uzi kwa meno.

"Mwanao kafungua mikono," alisema.

"Naona," alisema Gumba.

Saa saba juu ya alama alikuwa nje ya geti. Dakika kumi na mbili akazifanya saba. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, nyundo mkononi, uso umejaa habari. Alikuwa amepanga atakavyoisema, na alikuwa ameijaribu kwa wateja wawili.

"Amefungua mikono," Gumba alisema kabla hajavuka kizingiti. "Saa tatu na nusu."

Fundi akashusha nyundo. "Na dakika tano," alisema. Ndiyo sehemu pekee ya habari iliyokuwa imembakia.

Wakakaa kitandani, Mzee akinyonya, kiganja chake kimefunguka juu ya kifua cha mama yake. Walivihesabu vidole vyake, wakapata kumi. Wakavihesabu tena kwa raha tu, wakapata kumi tena. Gumba aliporudi kiwandani alikuwa amechelewa dakika mbili na hakujali.

Mwezi wa nne tangu Mzee azaliwe, walimpeleka kliniki. Nesi, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alimlaza Mzee kwa tumbo, akamwona akiinua kichwa na kulikagua dawati lake kama mkaguzi wa elimu. Aliridhika. Akawapa kadi yenye visanduku vya mambo yatakayofuata: kushika kitu, kukihamisha mkono hadi mkono, kukaa, kuokota kwa ncha za vidole, kupiga makofi, kuonyesha kidole, kusimama dede, kutembea. Chini ya kila kisanduku kulikuwa na mstari wa tarehe na mstari mwingine wa jina la aliyeshuhudia.

Gumba aliuliza kama mtu aliyepata habari akiwa kiwandani, dakika ileile, anaweza kuandikwa kuwa shahidi. Alieleza habari ya glavu kwa ufupi, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na foleni. Nesi alisikiliza mpaka mwisho.

"Hapana, mama," alisema. "Shahidi ni yule aliyeona kwa macho yake. Kadi zetu ziko hivyo."

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kasi. Mwezi wa tano, siku ya Ijumaa, glavu zilianza kushika. Zilishika mkia wa shuka lililofunika mashine, zikashika hereni ya Kati, zikashika penseli ya mnyapara na hazikuiachia mpaka saa sita. Gumba alifika nyumbani akakuta Mzee ameshika msumari wa viatu usio na ncha na hataki kuuachia pia. Fundi aliandika kwenye kadi: kushika kitu, tarehe, na kwenye mstari wa shahidi akaandika "Baba". Mwezi wa saba glavu ya kulia ilimpa ya kushoto kigurudumu cha uzi, ya kushoto ikaipa inayofuata, na kigurudumu kikasafiri meza nzima bila kuguswa na mtu. Mnyapara alipendekeza kazi hiyo ifanywe rasmi, lakini glavu zilichoka baada ya robo saa na zikalala. Fundi akaandika "Baba". Mwezi wa tisa zilianza kuokota kwa ncha za vidole, zikaokota kila uzi na kila pini iliyokuwa sakafuni. Sakafu haikuwahi kuwa safi vile. Mwisho wa wiki ileile mfagiaji akaambiwa hahitajiki. Nyumbani, Fundi alikuwa akimtoa Mzee pamba mdomoni kwa mara ya sita, na alipomaliza akaandika "Baba".

Gumba hakumwonea kijicho. Alifurahi kama mtu aliyeshinda bahati nasibu kila mwezi. Wanawake wote wa mstari ule walifurahi naye. Asubuhi walikuwa hawaulizani habari za nyumbani, walikuwa wakiuliza tu Mzee leo yukoje, kisha wanasogea kwenye kikapu kutazama. Kidogo, ambaye hakuwa na mtoto, alikuja nusu saa kabla ya kengele ili akae karibu na kikapu hicho. Lakini jioni Gumba alipofika, saa kumi na mbili na nusu, mara nyingi Mzee alikuwa ameshalala, na asubuhi alipoondoka Mzee alikuwa bado amelala. Alibakiwa na Jumapili na saa moja ya mchana. Na katika saa hiyo, Mzee, aliyekuwa na mambo mapya tangu alfajiri, alinyonya, akasinzia, akangoja mama yake aondoke.

"Ananikwepa," alimwambia mumewe siku moja, akicheka. "Mimi nataka moja tu. Kadi nzima imejaa jina lako. Niachieni moja, baba Mzee."

"Nitasema naye," alisema Fundi.

Mwezi wa kumi meneja wa kiwanda aliwakusanya wafanyakazi ghalani ili awahutubie kuhusu malengo ya robo mwaka. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti nzuri, aliyependa kusikilizwa. Alikuwa anasema kwamba uongozi unatambua juhudi, ndipo makasha arobaini yaliyopangwa nyuma yake yakaanza kupiga makofi. Kwanza yalipiga ovyo, mkono mmoja ukikosa mwenzake, halafu yakashika mwendo. Meneja akanyamaza. Akainamisha kichwa kidogo, akashukuru. Kila alipotaka kuendelea makofi yalianza upya, na hotuba ya dakika kumi ikachukua saa nzima. Wafanyakazi walisema ndiyo hotuba bora waliyowahi kuisikia. Gumba alisimama nyuma ya Pete, machozi yakimtiririka mpaka shingoni, viganja vyake vikigongana bila yeye kujua.

Meneja aliuliza baadaye makofi yalitoka wapi. Mnyapara akamweleza: mtoto wa Gumba amejifunza leo. Akamwonyesha daftari lake, ambamo kila jambo lilikuwa limeandikwa kwa saa na dakika tangu lile la ngozi mbaya. Meneja alilisoma lote. Alivutiwa sana.

Wiki iliyofuata tangazo lilibandikwa mlangoni. Lilisema kwamba, kwa kuwa imethibitika kuwa habari za watoto hufika kiwandani mapema na kwa ukamilifu, saa ya kunyonyesha haina tena haja, na inaondolewa kuanzia tarehe mosi. Uongozi uliwapongeza akina mama. Kiwanda kilikuwa na akina mama saba wenye watoto wachanga, na glavu za wale sita hazikuwahi kusema kitu, ila tangazo lilikuwa la wote.

Siku hiyohiyo, saa nane na robo, glavu zote zilikunja vidole vyao vinne na kubakiza kimoja kimenyooka kuelekea taa ya darini.

"Hicho ni kidole changu," alisema Shahada. Alisimama ili aonekane. "Mwaka mzima mnamsifu Gumba. Leo naomba na mimi heshima zangu."

Wakampa heshima zake. Hata mnyapara alimpa mkono. Kisha Shahada akamshika Gumba kiwiko, wakapanda ngazi kwenda kwa meneja.

Ofisini mlikuwa na kiti kimoja cha wageni, Shahada akasimama. Meneja alimuuliza Gumba kama mtoto hajambo, na kabla hajajibiwa akasema anajua hajambo, sasa hivi ameonyesha kidole, amekiona mwenyewe kwenye sampuli iliyo mezani pake. Gumba alieleza alichokuja nacho. Alisema anaomba saa yake. Hakuwa mtu wa maneno mengi na aliyasema yote kwa pumzi moja. Meneja aliitikia kwa kichwa taratibu mpaka alipomaliza.

"Nakuelewa, mama. Mimi si mtu mbaya. Nitajie jambo moja tu, moja, alilofanya mtoto wako tangu urudi kazini na wewe hukupata habari."

Gumba alifikiri. Alikuwa mkweli kiasi cha kuwachosha watu. Alianza na ngumi, akaja kwenye viganja, akapita kwenye kigurudumu cha uzi na pini na makofi, mpaka kwenye kidole cha dakika ishirini zilizopita. Alitafuta kwa nia njema kabisa.

"Hakuna," alisema.

"Basi tuandike hivyo."

Akaandika, na Gumba akatia sahihi, kwa kuwa ilikuwa kweli. Shahada alimkanyaga mguu, lakini wino ulikuwa umeshakauka.

"Wewe dada," alimwambia kwenye ngazi, "umewekewa mtego mkubwa kama mlango, na wewe ukapiga hodi ukaingia."

Tarehe mosi ikafika. Saa saba mchana geti halikufunguliwa. Maziwa yalikuja saa ileile, kwa kuwa hayakuwa yamesoma tangazo, yakalowesha aproni mpaka kiunoni. Mnyapara aliona, akaenda stoo bila kuulizwa, akarudi na aproni ya pili. Akaandika: aproni moja. Siku ya tatu aliandika: aproni tatu. Mwezi ulipokwisha maziwa yalipungua, na mnyapara akaacha kuandika.

Kilichobaki kwenye kadi ni kutembea. Mzee alikuwa ameshasimama dede siku ya Jumanne, akiwa ameshikilia ubavu wa cherehani ya Fundi kisha akauachia, na kiwandani glavu zilisimama juu ya mapindo yao na kutetemeka kwa muda wa kuhesabu hadi nane. Fundi aliandika "Baba" kwa herufi ndogo.

Gumba alikuwa amelifikiria jambo la kutembea kwa siku nyingi, akajipa moyo. Glavu hazina miguu. Lolote litakalofanywa na miguu ya Mzee, glavu haziwezi kulijua, na lisilojulikana na glavu linaweza kusubiri Jumapili. Alimweleza mumewe hesabu hiyo wakiwa wanaosha vyombo. Fundi aliona ina mantiki. Akaahidi kwamba Mzee hatatembea siku ya kazi, hata kama itabidi ambebe mpaka mgongo uvunjike.

Akambeba siku mbili. Akashona soli akiwa amembeba, akapokea wateja akiwa amembeba, akajipiga nyundo kidole cha kati. Siku ya tatu akapata njia nyingine. Kulikuwa na buti refu la mpira la mlinzi wa soko, la mguu mkubwa usio wa kawaida, lililoletwa kuzibwa na halikufuatwa. Alimtia Mzee humo, likamfika kifuani. Mzee alilipenda. Alisimama ndani ya buti mchana kutwa, viwiko nje kama diwani kwenye gari la wazi, akiwaonyesha wateja taa.

"Kijana wako kakua mguu mmoja," mteja mmoja alisema.

"Wa pili unakuja Jumapili," alijibu Fundi.

Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, Gumba alikuwa anageuza glavu upande wa nje. Ile iliyokuwa mkononi mwake ikajivuta, ikateremka mezani, ikasimama juu ya pindo lake. Zile za kikapuni zikasimama pia, zaidi ya hamsini, na kwenye makasha ya ghalani mifuniko ikainuka. Zilisimama jozi jozi, vidole vimeachana, viganja vimeelekea mbele, zimeinuliwa juu kama mikono ya mtu anayepita juu ya ukuta mwembamba. Zikayumba kushoto, kisha kulia. Zikayumba kushoto tena, na kulia tena. Mashine zilizimwa moja baada ya nyingine bila mtu kutoa amri. Halafu glavu zote zikaanguka mbele kwa viganja, kwa mpigo mmoja.

Gumba alikuwa amehesabu nne. Alikuwa ameuma meno mpaka taya linamuuma, na katikati ya maumivu hayo furaha ilimpanda ikafika masikioni, akawa hajui afanye nini na mikono yake mwenyewe. Kidogo alikuwa ameziba mdomo.

Mnyapara alikuja na daftari. "Saa nne na kumi," alisema. "Niandike amefanya nini?"

"Sijui," alisema Gumba. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini katika miaka kumi na moja.

Mnyapara alimtazama. Akarudisha penseli sikioni.

Jioni Fundi alizungumza sana. Alieleza habari za gundi mpya, na za mwanamke aliyeleta viatu viwili vya kushoto, na za bei ya ngozi. Mzee alikuwa ndani ya buti, hana hili wala lile, ila goti lake moja lilikuwa limechubuka na kupakwa dawa. Kadi ilikuwa juu ya rafu, kisanduku cha mwisho kitupu.

"Kashindaje?" aliuliza Gumba.

"Kwenye buti," alisema Fundi. "Siku nzima."

"Vizuri."

Hakumuuliza zaidi. Alimtoa Mzee kwenye buti, akambusu kwenye goti, akala chakula chake. Ijumaa glavu ziliyumba mara kumi na tatu bila kuanguka. Jumamosi zilikata kona na kurudi, na kabla ya kengele ya mwisho ziliyumba zikiwa zimebeba vitu: zingine bobini za uzi, zingine kipande cha chaki, na moja ilibeba kofia ya Pete. Shahada alisema mtoto akianza kubeba mizigo basi ameshakuwa mtu mzima, aajiriwe. Jioni zote mbili Fundi aliulizwa kashindaje, na jioni zote mbili alisema kwenye buti.

Jumapili asubuhi walisogeza viatu vyote ukutani. Fundi alifagia mara mbili. Gumba alivaa gauni lake zuri, akapiga magoti kando ya dirisha na kufungua mikono. Fundi alimsimamisha Mzee karibu na mlango, akamwachia, akarudi nyuma hatua tatu, kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili, kama anayeona jambo kwa mara ya kwanza.

Mzee alitembea. Alivuka chumba kwa mwendo wa mtu aliye na ahadi mahali, akakwepa kigoda, akasimama njiani kuokota kisigino cha kiatu cha mwanamke, akakata kona, akaenda kumpa mama yake. Kwa mtoto aliyekuwa akitembea kwa mara ya kwanza, alikata kona vizuri sana.

Fundi alipiga kelele zilizowaleta majirani wawili. Gumba alilia, na machozi hayo hayakuwa ya kuigiza. Alimshika Mzee akamnusa shingo, akamgeuza, akamrudisha mlangoni, akamwomba aje tena. Alikuja tena. Alikuja mara kumi na tisa. Kila mara ilikuwa hivyohivyo: akatoka kule mdogo, akaja akikua, akajaa mikononi. Majirani walikaa sakafuni wakasahau walichokuwa wanapika. Fundi alicheza peke yake katikati ya chumba, bila muziki, na buti tupu amelivaa mkono wa kushoto. Haikuwahi kuwapo Jumapili kama hiyo katika nyumba ile, na wote wawili walijua, na hakuna aliyemwambia mwenzake anajua.

Saa kumi jioni, majirani walipoondoka, Fundi alishusha kadi kutoka kwenye rafu. Aliiweka mezani, akaifuta vumbi kwa kiwiko, akaandika tarehe ya Jumapili kwa penseli hafifu, kwa majaribio. Kisha akampa mkewe kalamu ya wino, akamwonyesha mstari wa shahidi.

"Huu wako," alisema. "Andika Mama."

Gumba alishika kalamu. Aliutazama mstari kwa muda ambao ungetosha kushona vidole gumba viwili. Mzee alikuwa mapajani mwake, ananyonya kwa mara ya kwanza tangu Jumapili iliyopita mchana ukiwa bado upo, mkono mmoja umeshika kola ya gauni. Gumba akaiweka kalamu upande wa mumewe.

"Hii tuiache kwanza, baba Mzee. Mimi mikono imejaa. Chukua karatasi uniandikie barua."

"Barua ya nani?"

"Ya meneja."

Fundi alichukua karatasi ya mistari, akaandika anwani ya kiwanda juu kulia, akaandika tarehe, akaandika Kwa Meneja. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Gumba akasema maneno polepole, akiangalia kichwa cha mtoto, na Fundi akayaandika yalivyotoka.

"Uliniuliza kama kuna jambo lolote alilofanya mtoto wangu na mimi sikupata habari, nikajibu hakuna, nikatia sahihi. Jibu lile bado ni kweli. Sina malalamiko juu ya glavu. Nukta."

Fundi aliweka nukta.

"Siku ya Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, mtoto wangu alitembea kwa mara ya kwanza, hatua nne."

Kalamu ilisimama kwenye Alhamisi. Nje mtu alipita na baiskeli, mnyororo ukilia, mpaka sauti ikaisha. Fundi hakuinua uso. Masikio yake yalikuwa mekundu kama ngozi iliyotoka kupakwa rangi. Halafu aliandika Alhamisi kwa herufi kubwa mwanzoni, kama inavyotakiwa, akaendelea mpaka kwenye hatua.

"Tano," alisema.

"Nilihesabu nne."

"Zilikuwa tano. Ya tano alianguka nayo, kwa hiyo mikono ilikuwa imeshafika chini. Alitaka kuja kunionyesha pini." Akaifuta ncha ya kalamu kwa kidole. "Alikuwa anacheka, mama Mzee. Alianguka anacheka."

Gumba alifikiri. "Andika tano," alisema.

Akaandika tano. Akaandika pia, kwa kuwa mkewe alisema, kwamba aliyeshuhudia ni baba. Halafu Gumba alisema sehemu ya mwisho: kwamba anaomba arudishiwe Alhamisi hiyo, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nne na nusu, na kama kiwanda hakina namna ya kuirudisha, anaomba saa ya mchana kwa akina mama wote saba, ambao sita kati yao hawakuwahi kuletewa habari yoyote. Aliomba jibu la maandishi. Alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umelaliwa.

Fundi aliikunja barua mara tatu, akaipitishia ukucha wa gumba kwenye mikunjo kama anavyofanya kwa ngozi. Alilamba gundi ya bahasha. Haikushika vizuri, kwa hiyo akatia tone la gundi ya soli, ambayo alijua haitoki hata mtu akipita mtoni. Wakavaa viatu, wote watatu.

Walikwenda kiwandani kwa miguu. Mzee alitembea sehemu ya njia iliyo sawa, akiwa katikati, na watu waliokuja mbele walimpisha. Dakika kumi na mbili zikawa arobaini. Mlinzi wa geti, aliyekuwa akila karanga, alimwona, akasimama, akampigia saluti, akasema kumbe ndiye huyu. Aliwaambia pia kwamba meneja husoma barua siku ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, endapo ufunguo wa sanduku utapatikana, kwa kuwa ulipotea wakati wa meneja wa kabla ya huyu. Gumba alisema watangoja. Kesho yake, alisema, atakuwepo saa moja kamili kama kawaida.

Sanduku la barua za wafanyakazi lilikuwa la chuma, kimo cha kifua cha mtu, limefungwa kwenye nguzo. Lilikuwa limejaa. Bahasha iliingia nusu ikagota kwenye barua nyingine, pembe za zingine zikaonekana mdomoni, za manjano, zenye miandiko ya kike. Fundi aliisukuma kwa kiganja, akaegemeza uzito wote, mpaka zile za chini zikalalia upande kwa sauti ndogo na nafasi ikapatikana, na bahasha ikazama ndani.